Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, Daugavpils. Theluji imeng'ang'ania kioo
kama ukoko wa sufuria.
Nimekaa na chai na seva ya hospitali,
nahesabu makundi.

Mia nne na kumi na mawili.
Wauguzi ndani ya Wauguzi wa Zamu,
Wauguzi wa Zamu ndani ya Wodi Zote,
Wodi Zote ndani ya kundi liitwalo Jaribio Mbili Usifute,
na hilo, Mungu anisitiri, ndani ya Wahasibu.
Pamoja nao kachomekwa Fjodors, mfagia ngazi,
ambaye angeweza, lau angetaka,
kusoma mshahara wa mganga mkuu.
Hakutaka. Nimekagua. Miaka kumi na mmoja mlango u wazi
na hakuchungulia hata mara moja.

Ruhusa haibishi hodi. Inateremka
toka folda mama hadi mtoto hadi kilembwe
kama pua ya babu: hukuiomba,
siku moja unanyoa ndevu, hiyo hapo kiooni.

Basi nilikuwa nafuta. Nakiri, kwa raha.
Jina, futa. Jina, futa.
Nikafika: GHOROFA YA TATU.
Nilikuwa nimechuja watu tu. Watu: hakuna.
Na ghorofa yenyewe ilibomolewa mwaka niliooa;
nilisimama uani, mkate mkononi,
nikitazama winchi ikiyanyofoa madirisha.
Kundi la mahali pasipokuwepo, la watu wasiokuwepo.
Futa.

Saa nane na dakika saba, simu.
Dzidra, wodi ya watoto njiti:
"Ilgvars, orodha ya damu haifunguki."
Sauti tambarare, ile ya wauguzi,
inayozidi kutulia kadiri mambo yanavyozidi kuchafuka.
Kisha maabara. Kisha stoo ya dawa.
Kisha mtu nisiyemjua, akifoka kwa Kirusi.

Nikaangalia tena, safari hii bila chujio, kwenye nakala ya jana.
Hakukuwa na mtu, kweli. Palikuwa na makundi:
moja, na ndani yake matatu,
na ndani ya yale matatu nusu ya hospitali imelala
kama watoto chini ya blanketi moja.
Blanketi nililivuta mimi.

Nikaliunda upya, jina lile lile, herufi kwa herufi.
Seva ikanitazama kama mgeni.
Majina ni yetu sisi. Yenyewe inajua namba,
na namba ikishakufa haifufuki kwa kuitwa.

Nikampigia Velta, aliyelijenga, mstaafu mwaka wa tisa.
Nyuma yake shoka, kuni zikipasuka.
"Umelifuta," akasema. Halikuwa swali.
"Nyaya ziliwaka moto usiku ule, tukawahamisha wote.
Nisingeweza kumwandikia kila mtu ruhusa yake,
nikawaingiza wote chini ya paa moja.
Nilikusudia kulipanga vizuri Ijumaa."
"Ijumaa ipi?"
Shoka likanyamaza.
"Ile," akasema.

Halafu, kama anayeelekeza njia ya kwake:
"Anza na damu. Usisubiri urithi ushuke, utachelewa.
Ingia kwenye folda yenyewe, mwandike Dzidra kwa jina.
Kilichoandikwa pale pale hushinda kilichorithiwa,
hata kama kilichorithiwa ni katazo."

Nikaandika Dzidra. Nikaandika wa maabara.
Nikaandika yule wa Kirusi, kumbe anaitwa Arkadijs,
kumbe ndiye anayepeleka oksijeni.
Saa tano usiku vidole vilikuwa vimekufa ganzi
na chai ya asubuhi ilikuwa bado mezani, na utando juu.

Nikaunda kundi jipya, moja, la kuwakusanya hadi nipate nafasi.
Kwenye sanduku la maelezo nikaandika: la muda.
Nikafuta.
Nikaandika: Velta alikuwa na haraka. Mimi pia.
Ndani wamo watu wanaoshika damu. Tazama kabla hujagusa.

Nikahifadhi. Nje, ngazini,
Fjodors alikuwa akikwangua barafu, polepole,
kidato kwa kidato, kuanzia juu.